Maji yakishuka tuleteeni mbegu, unga utafuata

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako. Mimi ni mama wa Tana Delta, kijiji kimoja cha mtoni chini ya Garsen, na ni katibu wa kanisa letu la Methodist, mwaka wa tisa huu. Sijawahi kuandika kwa gazeti lakini hili jambo limenikaa moyoni tangu mafuriko ya 2024, na saa hii vuli ndo hiyo yaingia, kila asubuhi nikitoka nje naangalia mto kwanza kabla sijawasha moto, kwa hivyo nimeona niseme sasa wakati barabara bado yapitika na watu bado wana nafasi ya kusikiza.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Huku kwetu mafuriko yakipita, watu wakishaokolewa na wagonjwa wakishapata dawa, kitu cha kwanza twahitaji ni mbegu, na zifike ndani ya wiki mbili au tatu baada ya maji kushuka. Zikichelewa hapo hata mkileta lori kumi ni kazi bure, ardhi itakuwa imeshapasuka. Unga twaupokea na twashukuru, watoto lazima wale, lakini unga waisha Ijumaa na Jumamosi tuko pale pale twangoja lori.

Wasomaji wa mbali labda hawaujui mto wetu. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita elfu moja, watoka huko Aberdare na Mlima Kenya, wapita kwa yale mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, alafu washuka Garissa, Hola, Garsen mpaka baharini Kipini. Kwa hivyo mvua inayotuzamisha si ya kwetu. Waweza kuwa umeanika pojo kwa mkeka, jua lawaka mpaka mchanga wachoma nyayo, na maji yaja polepole kwa njia ya ng'ombe, kimya kabisa, ukigeuka yameshafika kwa jirani. Mgeni ukimwambia haamini.

Na maji hayo hayo ndo chakula chetu, hapo ndipo watu wengi wanaotuhurumia hawatuelewi. Mpokomo alima kingo za mto na yale mabonde ambayo maji yanaingia na kutoka. Wazee walikuwa wanayangoja. Mto ulikuwa ukipanda baada ya mvua za huko juu, waingia mashambani kwa kiasi, waacha tope jipya jeusi, na watu wanashuka nyuma ya maji wakipanda kadri yanavyorudi, leo hapa, kesho hatua kumi mbele, mpaka wafike kwenye mto wenyewe. Hakuna mbolea ya duka, hakuna kungoja mvua, unyevu ule watosha mpaka mavuno. Tangu mabwawa yajengwe, la kwanza Kindaruma 1968 na la mwisho Kiambere 1988, yale maji ya kiasi yamekuwa haba, kuna mwaka hayaji kabisa, na yakija yaja yote pamoja. Baba yangu alikuwa akisema mto siku hizi haubishi hodi.

Mafuriko makubwa si mageni kwetu. Wazee husimulia ya 1961, na mimi nayakumbuka ya El Niño ya 1997 kwenda 1998 maana nilikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni, ndo mwaka ule matuta ya mradi mkubwa wa mpunga hapa delta yalivunjwa na maji. Lakini haya ya juzi yana uchungu wake kwa sababu yalikuja mara mbili, na yalitukuta hatuna kitu. Kumbukeni tulikuwa tumetoka kwa ule ukame wa misimu mitano, wenzetu Waorma ng'ombe wamewafia njiani, na sisi wakulima tumekula mpaka mbegu. Novemba 2023 maji yakaja. Barabara ya Lamu ikakatika pale kati ya Gamba na Lango la Simba, mabasi yakasimama, bei ya sukari ikapanda, Krismasi tukaifanyia kambini. Mwaka mpya maji yakashuka, tukarudi, kila mtu akakopa mbegu kwa ndugu zake walio juu, tukapanda tukiimba jamani, nasema kweli tulikuwa twaimba, na mahindi yakafika kifuani. Aprili 2024 mabwawa ya juu yakajaa. Tarehe 28 boti ikapinduka kule Madogo, pale Kona Punda, watu wakafa, sisi huku chini tukasikia kwa redio, na kila aliyesikia alijua maji hayo hayo yako njiani yaja kwetu.

Tulihama usiku na mitumbwi, akina mama na watoto kwanza, alafu wazee, alafu mbuzi. Siku ile ya Mei 10 ambayo nchi nzima ilipewa likizo ya kuomboleza na kupanda miti sisi tulikuwa juu kwenye mchanga twaangalia ncha za mahindi yetu zikitikisika juu ya maji. Pentekoste, Mei 19, tuliifanyia chini ya mwarubaini, mchungaji amesimama juu ya jerikeni lililogeuzwa, na Waislamu wa kijiji chetu wamekaa pembeni wametuachia kivuli kwa vile Ijumaa sisi ndo tuliwaachia wao. Sikumbuki alihubiri nini, nakumbuka tu watoto walikuwa wanakohoa.

Sitaki kusimulia sana habari za kambi, zinajulikana. Mbu, nyoka, choo zimejaa, mwezi ule ule kipindupindu kikaingia Tana River na watu wa dispensari wakawa hawalali. Watu wema walikuja na twawaombea mpaka leo. Walileta tenti, neti, unga, maharage, dawa ya maji. Makanisa ya Mombasa na Malindi yalituletea lori la nguo na blanketi, na kuna kijana mmoja wa boda boda alikuwa akibeba wajawazito bure mpaka hospitali, huyo Mungu amwekee.

Sasa mafuriko yenyewe kwa sisi wakulima yalianza pale maji yaliposhuka. Ilikuwa Juni. Waandishi walikuwa wameshaondoka, lori zikawa moja kwa wiki, alafu moja kwa mwezi, alafu basi. Ukiwa mbali waona maji yameisha basi shida imeisha. Lakini ingia kwa nyumba. Tope limefika gotini, ndani ya tope kuna samaki waliooza, kuta za udongo zimelala, kisima kimejaa takataka, choo hakuna. Na lile tope lina siku zake, ukilichelewesha lashika sakafu kama simiti, lazima lichotwe likiwa bado laini. Kanisani tuliingia Jumamosi ya kwanza na mabeleshi manne na karai za kuazima, watu kama thelathini, na mabenchi yalikuwa yameelea yakaenda kukusanyika yote upande wa madhabahu kama yameitwa. Ukutani maji yaliacha mstari. Mstari huo upo mpaka leo, wanifika begani, na tulikubaliana tusiupake rangi, wajukuu wauone.

Wacha niseme kidogo kuhusu kitabu cha ubatizo kwa sababu hiki kilikuwa mikononi mwangu. Usiku ule wa kuhama nilikifunga kwa nailoni nikakiweka juu ya kenchi ya paa nikiamini maji hayatafika, na hayakufika, lakini mvua iliingia pale bati lilipotoboka na nailoni ikajaa maji. Nilipokifungua kurasa zilikuwa zimegandana, wino umepaka. Mtu wa mjini aweza kusema ni kitabu tu. Lakini huku kwetu watu wengi walizaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa hawana au kilikwenda na maji, na kijana akitaka kitambulisho aulizwa karatasi, na karatasi pekee iliyobaki duniani yenye jina lake na la mama yake ni lile daftari la kanisa. Nilianika ukurasa mmoja mmoja juani, kijiwe kila pembe, wajukuu wakilinda kuku wasikanyage, wiki mbili nzima. Yaliyofutika tuliwaita wazee Jumapili baada ya ibada, nasoma herufi zilizobaki, wao wanakumbuka, ah huyo ni mtoto wa fulani, alibatizwa mwaka ule wa nzige, tukaandika upya. Tulipata karibu majina yote. Waliotupotea ni wale ambao jamaa zao wote walishakufa au walihama, na kila nikifika kwa zile nafasi wazi roho yaniuma.

Nimelitaja hilo kwa sababu kazi kama hiyo hakuna atakayekuja kuifanya kutoka nje, ni yetu. Lakini mbegu ni habari nyingine, na naomba mnisikize hapa.

Mbegu zetu hazikai dukani wala stoo. Zakaa jikoni. Mama akishavuna achagua magunzi mazuri ya mahindi na kuyafunga kwa maganda yake kuyatundika juu ya meko, moshi uyapige, mdudu asiingie. Kunde na pojo aweka kwa mtungi au jerikeni na jivu, karibu na moto hapo hapo. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyofanya na mbegu zimetufikia. Lakini jikoni ni kibanda cha udongo na makuti, ndo kitu cha kwanza kuanguka maji yakija. Mafuriko yakibeba jiko la mama mmoja yamebeba mbegu za familia nzima za mwaka unaofuata, na hakuna anayehesabu hiyo. Wanahesabu nyumba, wanahesabu ekari, wanahesabu mbuzi. Sijaona fomu hata moja kambini yenye swali la mbegu, na fomu nilizijaza nyingi maana mimi ndo najua kuandika haraka.

Kwa hivyo pata picha, ni Juni, maji yanarudi, ardhi nzuri kabisa ile ya tope jipya yafunguka kila siku mbele yako, unyevu umejaa, waweka kidole chazama, na mikononi huna hata punje. Wanaume walikuwa wanakaa kingoni wanaangalia tu. Ule ndo wakati nililia, si usiku wa kuhama.

Kamati ya kanisa ilikaa chini ya ule mwarubaini. Tulikuwa na fedha, si nyingi, elfu arobaini na kitu, tulizochanga miaka miwili kwa ajili ya mabati, kwa sababu paa letu limezeeka kweli, tangu zamani lavuja. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alisema fedha zilizoombewa kwa ajili ya nyumba ya Mungu hazigeuzwi. Alisema na machozi. Mwingine akasema tugawane kila familia kidogo. Akina mama tulikuwa tumeshaongea wenyewe pale mtoni twafua, na mwenyekiti wetu akasimama akasema wazee wetu, kanisa hili likipata mabati mapya na watu wakahama kwenda Malindi kutafuta vibarua, hayo mabati yatamfunika nani. Watu wakanyamaza. Mchungaji akatukumbusha habari za Yusufu na maghala ya Misri, kwamba yule hakujenga hekalu, aliweka nafaka. Yule mzee aliyekataa ndiye aliyefunga maombi, na kesho yake akatoa mtumbwi wake wende kuchukua mbegu. Hilo sitalisahau.

Tulituma vijana watatu kwa ndugu zetu wa vijiji vilivyo juu ambavyo maji hayakufika, hatukwenda kwa duka la pembejeo. Hili ni muhimu. Tulinunua mbegu ambazo zinaijua ardhi yetu, kunde zile nyekundu, pojo, mahindi yetu ya miezi mitatu, na mbegu za maboga tulipewa tu. Kunde majani yake wachuma mboga baada ya wiki tatu au nne, pojo yakomaa ndani ya miezi miwili na kidogo, mahindi ndo yafuata. Yaani ukipanda kwa wakati mwezi mmoja tu mtoto ashapata mboga ya shambani kwao, na miezi mitatu familia imeacha foleni ya msaada.

Kwenye kugawa kulikuwa na maneno, siwezi kuficha. Wengine walisema ni fedha za waumini basi zilishe waumini. Lakini kijiji chetu kina Wakristo na Waislamu nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, na wale vijana wa msikitini ndo walipiga makasia usiku ule wa kuhama mpaka mikono ikatoka malengelenge. Na delta hii ilishaona 2012, kwa yale mapigano ya Wapokomo na Waorma, ni nini hutokea majirani wakianza kuhesabiana, wako watoto wazima sasa wanaokumbuka waliokimbilia wapi. Kamati ikaamua kila jiko lililoanguka lapata kipimo sawa, kibaba kwa kibaba, bila kuuliza mtu anasali wapi. Sharti lilikuwa moja tu, ukivuna utarudisha kipimo ulichopewa na nusu yake juu.

Tukapanda. Hatukungoja maji yaishe, tulifuata mstari wa maji kama wazee walivyofanya, akina mama mbele na vijiti vya kutobolea, watoto nyuma wanatia mbegu mbili mbili wanafunika kwa mguu. Shule zilikuwa zimefunguliwa kuchelewa mwaka ule, Mei 13, na yetu hata zaidi maana ilikuwa kambi, kwa hivyo watoto walikuwepo. Viboko walituharibia upande mmoja, tukalala shambani na makopo ya kupiga kelele. Lakini Julai tulikula mboga ya kunde. Mama mmoja mgonjwa ambaye alikuwa amekaa kambini wiki nzima hataki chakula alipopelekewa sahani ya ile mboga alikula yote akauliza kama imebaki.

Sasa linganisheni na hili. Kuna shirika moja, silitaji jina kwa sababu najua nia yao ilikuwa nzuri, lilikuja likaandikisha watu mwezi wa sita na kuahidi mbegu. Zikaja Septemba. Zilikuja kwa sherehe, mabango, kofia, picha. Ardhi ilikuwa imeshapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Na zilipofunguliwa zile pakiti mahindi yalikuwa ya aina ya nyanda za juu, ya miezi sita, ya mahali penye baridi na mvua ndefu. Tulizipokea, tukasema asante, kwa sababu mgeni hafukuzwi na zawadi yake. Wengi walizisaga, na zile mbegu za duka huwa zimepakwa dawa, tukawa twakimbia nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasile. Ingekuwaje kama fedha ile ile ingenunua kunde kwa jirani zetu mwezi wa sita? Nimejiuliza hivyo mara nyingi sana.

Najua msomaji ataniuliza, mbona hamhami? Swali hilo twaulizwa kila mwaka na chifu, na wageni, na watoto wetu wenyewe walioko Nairobi. Jibu ni kwamba wengi tumehama, yaani nyumba za kulala tumezipandisha juu kwa mchanga na zingine zaendelea kupandishwa, na mimi naunga mkono kabisa, mtoto asilale mtoni. Lakini shamba halihamishiki. Kule juu mchanga haumei kitu bila maji. Chakula kiko chini na kitabaki chini, kwa hivyo hata tukihama wote leo jioni bado mafuriko yatatuchukulia mashamba na bado mbegu itahitajika maji yakishuka. Kanisa lenyewe tumeamua likifika wakati wa kujengwa upya litajengwa juu. Hili la sasa litabaki la mstari ukutani.

Ninaloomba ni hili. Serikali ya kaunti na ya kitaifa, na mashirika, na makanisa makubwa ya mijini ambayo yana mikono mirefu, wakati ambapo kumekauka nunueni mbegu hapa hapa delta kwa wakulima wenyewe, mziweke pahali pa juu, vijiji vya juu vipo, hata shule zina stoo, ili maji yakishuka zisafiri kilomita tano badala ya mia tano, maana mkingoja mafuriko yaishe ndo mwandike barua ya tenda msimu umepita. Mkiwa hamna mbegu tumeni pesa kwa M-Pesa kwa kamati za kijiji, za wanawake hasa, na mdai hesabu, hesabu tutatoa, daftari langu liko wazi. Nguo za mitumba zimetosha. Twashukuru lakini zimetosha, tulirundika zingine tukazifanya matambara ya kuchotea tope.

Na wenye kusimamia maji ya mabwawa, habari ifike huku chini kwa lugha ya watu na mapema. Maji yachukua siku kadhaa kutoka huko mpaka kwetu, siku hizo zatosha kabisa mama kuteremsha mahindi yake kutoka juu ya meko na kuyapeleka salama, lakini zatosha tu kama ameambiwa. Kuambiwa mto utapanda haitoshi. Tuambieni utafika lini na utapanda kiasi gani, redio za Pwani zipo, wazee wa Gasa, baraza letu la Wapokomo, wapo, misikiti ina vipaza sauti na sisi tuna kengele. Kengele yetu haikuharibika na maji, ilikuwa juu, na usiku ule ndiyo iliyotuamsha.

Mavuno ya mwaka ule watu walirudisha. Si wote, wawili watatu viboko waliwamaliza na tukawasamehe, lakini waliobaki walirudisha kipimo na nusu kama tulivyopatana, wengine wakaleta zaidi bila kuambiwa, na ibada ya mavuno mwaka ule haikuwa na mnada wa kuku na ndizi kama kawaida, ilikuwa ni mbegu tupu mbele ya madhabahu. Msimu uliofuata tukakopesha tena zikarudi tena. Saa hii tuna majerikeni ishirini na sita yaliyofungwa vizuri, kunde na pojo na jivu lake, na magunia manne ya mahindi, yote yako juu kwa mchanga kwenye chumba ambacho Mwislamu mmoja mwenye duka alitupatia bure. Ufunguo mmoja ninao mimi na mwingine yuko nao imamu. Hazitatosha, nimepiga hesabu, zatosha kama nusu ya majiko ya kijiji chetu na kijiji jirani hawana kabisa.

Paa la kanisa bado lavuja. Jumapili iliyopita mvua ya kwanza ilipiga, tukasogeza mabenchi upande mmoja tukaendelea.

Katibu wa kanisa,
Tana Delta